"Kucheza Blues": Kiswahili cha Randy Weston ni pambo au ni kauli?



Kila zinapotajwa albamu kuu za jazz za katikati ya karne iliyopita, orodha huwa ni ile ile. Inatangulia Kind of Blue ya Miles Davis, inafuata Time Out ya Dave Brubeck, halafu Mingus Ah Um ya Charles Mingus na The Shape of Jazz to Come ya Ornette Coleman. Zote nne zilirekodiwa mwaka 1959, na sina ugomvi na hata moja. Lakini naomba leo nitie fitina kidogo. Mie nadai kwamba ipo ya tano, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960, ambayo sisi watu wa Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kuizungumza, na badala yake tumewaachia wenzetu wa idara za muziki. Inaitwa Uhuru Afrika, kazi ya mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn.

Nieleze kwanza kilichonichokoza. Nasomesha Kiswahili ughaibuni, na mwanafunzi wangu mmoja, Mmarekani mweusi, aliandika katika zoezi lake kwamba babu yake alikuwa "anacheza saksafoni". Nikachora mstari mwekundu kama kawaida yangu: ala ya muziki haichezwi, inapigwa. Tunapiga gitaa, tunapiga ngoma, tunapiga kinanda, hata tarumbeta linalopulizwa kwa mdomo tunasema limepigwa. Kucheza ni kwa mpira, kwa watoto, na kwa dansi. Binti akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, mbona kwenye santuri ya babu imeandikwa Kucheza Blues?" Nikacheka. Nikasema hao walitafuta tu neno kwenye kamusi. Jioni nikaenda kuisikiliza tena ile albamu, safari hii kwa makini, na kicheko kikaniishia.

Kwa wasioifahamu, Uhuru Afrika ni kazi moja ndefu yenye utangulizi na sehemu 4: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues". Weston alitunga muziki, na aliyeupangia ala ni Melba Liston, mwanamama mpiga tromboni ambaye sifa zake hazijatangazwa hata nusu ya anavyostahili. Maneno aliandika mshairi Langston Hughes. Waliokusanyika studio walizidi 20, na orodha yao inatisha: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef, Gigi Gryce na Budd Johnson miongoni mwa wapuliza saksafoni, Kenny Burrell kwenye gitaa, Ron Carter na George Duvivier kwenye besi. Kwenye ngoma alikuwepo Babatunde Olatunji wa Nigeria, Wacuba Candido Camero na Armando Peraza, na Max Roach, ambaye miezi michache kabla alikuwa amerekodi We Insist! yake mwenyewe, nayo ya kudai uhuru.

Na kabla ya mambo yote hayo, sauti ya kwanza yenye maneno unayoisikia ni ya Mtanganyika. Anaitwa Tuntemeke Sanga, jina ambalo si geni kwa Watanzania waliofuatilia siasa za nyumbani. Ndiye aliyeyatia maneno ya Hughes kwa Kiswahili, na ndiye anayeyasema, taratibu, bila kupiga kelele, kama mzee anayefungua shughuli.

Sasa, kwa nini Kiswahili? Weston alisimulia katika kitabu cha maisha yake, African Rhythms (2010), kwamba alitaka lugha ya Kiafrika itakayosimama kwa niaba ya bara zima, akaenda kuulizia kwa Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, wakampa jibu: Kiswahili. Wengi wetu tukisikia hivyo tunavimba kichwa, tunaona ni ushahidi kwamba lugha yetu ilikwisha kubalika. Mie naona kuna sababu nyingine ya kawaida kabisa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na kwa hiyo wanasiasa wake walikuwa na njia ya kwenda New York kupeleka malalamiko. Nyerere mwenyewe alikwenda kusimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Kenya na Zanzibar hazikuwa na mlango huo, manake zilikuwa chini ya Mwingereza moja kwa moja. Kwa hiyo Kiswahili kilifika Manhattan kwa miguu ya watu waliokwenda kudai nchi yao, hakikufikishwa na utamu wake peke yake. Hilo halikipunguzii heshima. Kwangu mie linakiongezea.

Hapa niwe mkweli, isije ikawa nasifia kwa sababu ni chetu. Albamu hii ina mapungufu mawili ambayo msikilizaji wa Kiswahili anayaona haraka kuliko mwingine.

La kwanza, lugha inatoka Mashariki lakini ngoma zinatoka Magharibi. Msikilize Olatunji, wasikilize wale Wacuba wawili: hiyo ni Nigeria, hiyo ni Havana. Huisikii ngoma ya Tanganyika hata moja, si ya pwani wala ya bara. Sanga akishamaliza kusema, watu wake wanatoweka. Afrika iliyomo humu imeunganishwa vipande vipande na watu wanaoipenda kutoka mbali, na Weston mwenyewe alikuwa hajaikanyaga. Safari yake ya kwanza, kwenda Lagos, ilikuwa mwaka 1961, baada ya kurekodi.

La pili, Kiswahili kinafungua mlango kisha kinaachwa nje. Ikifika "African Lady", sehemu yenye maneno mengi zaidi, anayemsifu mwanamke wa Kiafrika anamsifu kwa Kiingereza. Martha Flowers ana sauti ya opera iliyofunzwa ikafunzika, na Brock Peters ana sauti nzito ya kutikisa meza, na wote wawili wanaimba vizuri mno. Lakini mwanamke anayeimbiwa, kama angekuwa Bagamoyo au Songea mwaka ule, asingeelewa kwamba anasifiwa yeye. Kama albamu ingeishia hapo, ningesema Kiswahili humu ni pambo tu, kama kanga iliyotundikwa ukutani kwa mgeni.

Lakini haiishii hapo. Inakuja "Bantu", na hapa ngoma zinapewa nafasi ya kuzungumza zenyewe. Lile jina msilipite haraka. Mwaka 1960 neno hilo lilikuwa mdomoni mwa makaburu: sheria ya mwaka 1953 ya kuwapa watoto weusi wa Afrika Kusini elimu ya kuwadumaza ilibeba jina hilo hilo, kana kwamba Bantu ni aina ya mnyama anayehitaji malisho yake. Sisi tunajua kwamba mzizi wake ni ule ule wa "watu". Weston na Liston wanalichukua neno lililotiwa uchafu na wanalisafisha kwa ngoma, bila kueleza wala kuhubiri. Ujumbe ulifika, kwa sababu mwaka 1964 serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hii. Serikali haipigi marufuku pambo.

Halafu ndiyo inakuja "Kucheza Blues", iliyonirudisha kwenye mstari wangu mwekundu. Hebu tuichambue kama tunavyochambua maandishi mengine. Uwezekano wa kwanza ni kwamba ni kosa: Mwingereza ana neno moja kwa mtoto na mpira, kwa mwanamuziki na piano, na anayetafsiri kwa kamusi ataangukia "cheza". Ushahidi wa kosa la namna hiyo upo. Miaka kumi baadaye, Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili, na albamu yao ya mwaka 1971 ikaitwa Mwandishi. Mpiga besi wao, Buster Williams, akaitwa Mchezaji. Kwa Kiswahili cha kwetu huyo ni mtu wa timu ya mpira. Bendi hiyo hiyo ilikuwa na Mganga na pia Pepo Mtoto, jambo ambalo nyumbani lingeleta kazi usiku kucha! Tumezicheka sana habari hizi sisi wenye lugha, na nakiri nimo.

Uwezekano wa pili ni kwamba hakuna kosa. Mwenye lugha alikuwa karibu kabisa na kazi hiyo, naye alikuwa Sanga. Mtu aliyeweza kumtafsiri Langston Hughes hashindwi kutofautisha kupiga na kucheza. Nani hasa aliyeuchagua mchwara huo si jambo la kulitolea kiapo, lakini muziki wenyewe una ushahidi wake. Sehemu hii ya mwisho Weston aliikusudia iwe sherehe ya siku ambayo Afrika nzima itakuwa huru, na watu weusi popote walipo watasherehekea pamoja. Sikilizeni inavyokwenda: ule uzito wa mwanzo umeondoka, wapigaji wanapokezana, mdundo unakutingisha mabega hata kama umekaa kwenye kiti cha ofisi. Huo si muziki wa kuketi na kutafakari. Ni wa kuinuka. Ukiusoma mchwara huo kwa Kiswahili safi, maana yake ni kuinuka na kuzicheza blues kwa miguu, na ndicho kinachosikika.

Na hapa ndipo ninapoiweka mezani pamoja na zile nne za 1959. Kufikia miaka ile jazz ya New York ilikuwa imekwisha achana na ukumbi wa dansi. Tangu bebop ya miaka ya 1940 ilikuwa inaelekea kuwa muziki wa kusikilizwa, mtu na kinywaji chake, kimya. Kind of Blue ndiyo kilele cha usikilizaji huo: nzuri kupita kiasi, na ya mtu aliye peke yake usiku. Brubeck aliwachanganyia watu hesabu za midundo hadi miguu ikakosa pa kukanyaga. Sisemi hayo kwa kubeza. Nasema kuna kitu kilikuwa kinapotea, na Uhuru Afrika inakirudisha: watu wengi, pamoja, wanacheza.

Na sisi je? Kwetu neno "jazz" halikuwahi kutengana na dansi. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz: baba zetu walikwenda kwenye kumbi hizo wakiwa wamenyoosha suruali, na hawakwenda kukaa kimya. Rumba ilipigwa, wao wakacheza. Ungemwambia mzee wa Morogoro "twende tukacheze jazz", asingekuuliza wewe ni mpiga ala gani. Angevaa viatu. Mpenzi wa Morogoro Jazz angeelewa "Kucheza Blues" pale pale, bila kamusi wala profesa, wakati wajuzi wa New York walikuwa wanaisoma kama jina zuri la kigeni.

Basi jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Katika sehemu kubwa ya albamu, Kiswahili ni kifupi mno, na hilo ni pungufu la kweli. Lakini mahali pawili, mwanzo na mwisho, kinasema jambo ambalo Kiingereza kisingelisema. Mwanzo kinamweka Mwafrika aongee kabla ya kuongelewa. Mwisho kinatenganisha mpigaji na mchezaji, kisha kinamchagua mchezaji, yaani yule asiye na ala, asiye na mkataba wa kurekodi, aliyekuja tu na miguu yake. Uhuru ni wake yeye pia. Mwaka ule wa 1960 nchi 17 za Afrika zilijitawala, na Tanganyika ilikuwa bado mwaka mmoja na ushei. Sanga alisema "Uhuru Kwanza" akiwa bado hana nchi huru ya kurudi.

Weston alifariki Brooklyn mwaka 2018, Liston alimtangulia mwaka 1999. Hatuwezi tena kuwauliza. Tunachoweza ni kuacha tabia yetu ya kupokea Kiswahili cha Wamarekani weusi kwa kalamu nyekundu mkononi. Wao walikiokota lugha hii wakati ambapo shule zao zilikuwa zinawafundisha kwamba Afrika haina lugha, zina vilugha tu. Kama walikosea viambishi, sisi tuliokuwa nacho tangu kuzaliwa tumekifanyia nini cha kulingana na muziki ule?

Yule binti nilimrudishia alama yake, lakini nusu tu, kwa sababu babu na saksafoni yake bado alikuwa anaipiga. Nusu iliyobaki nilimpa kazi: alete ile santuri darasani, tuisikilize wote, kisha kila mmoja aandike ukurasa mmoja juu ya tofauti ya kupiga na kucheza. Sijapata kufundisha vitenzi vikaeleweka namna ile. Wawili walicheza kabisa.

Nimekosea wapi nisahihishwe, hasa na wazee waliomjua Sanga au waliokuwa New York miaka ile.