Nani Kaificha Ngoma? Maoni Kuhusu Uhakiki wa Nyimbo za Kilosa na Mikumi

Kuna sentensi moja ambayo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi ameikariri: "Msanii ametumia takriri ili kusisitiza ujumbe." Huandikwa katika mitihani, katika kazi za semina, hata katika tasnifu, kila tunapokutana na wimbo wa ngoma wenye mstari unaorudiwarudiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa nyimbo nyingi za ngoma sentensi hiyo haitoshi, na mara nyingine si kweli hata kidogo. Sababu yake ni moja: tunahakiki maneno baada ya kuificha ngoma. Mifano yetu itatoka zaidi wilayani Kilosa, ukiwemo mji wa Mikumi, ambako mwandishi amezitazama ngoma hizi tangu utotoni.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi, ni uchezaji, ni wimbo unaokwenda na uchezaji huo, na ni sherehe nzima. Mtu akikuambia "Jumamosi kuna ngoma kwa bibi fulani," humuulizi kama ni ya kupigwa, ya kuchezwa au ya kuimbwa. Vijana nao wakisema msanii "katoa ngoma mpya," wana maana ya maneno pamoja na mdundo wake. Lugha haikuvitenganisha vitu hivi. Aliyevitenganisha ni mhakiki, kwa kalamu yake.

Sasa hebu tutazame ngoma ya kumtoa mwali, kama zinavyochezwa Mikumi. Kwanza ngoma zinaoteshwa moto wa majani makavu ili ngozi ikaze. Mpigaji anagonga, anasikiliza, anarudisha motoni. Ngoma kubwa yenye sauti nzito ndiyo inayoshika mwendo. Ile ndogo yenye sauti kali kazi yake ni kuchokoza. Mama mmoja anatoa mstari, wengine wanaitikia. Mstari huo huo unaweza kuimbwa mara ishirini au thelathini. Ukiuandika kwenye daftari unapata mistari miwili tu, na hapo ndipo tunaposema "takriri."

Lakini uwanjani mambo ni mengine kabisa. Mara ya kwanza mstari unaimbwa ngoma zikiwa chini, watu wanacheka. Baadaye ngoma ndogo inaita, mchezaji anaingia katikati ya duara na kuijibu kwa miguu na kiuno. Wanashindana, watu wanapiga vigelegele. Mara ngoma zote zinakatwa ghafla. Katika kimya kile akina mama wanauimba mstari ule ule, macho yao kwa mwali. Maneno yaliyokuwa utani dakika kumi zilizopita sasa ni onyo. Nani kayageuza? Si mshairi, maana hakuongeza hata silabi moja. Ni mpigaji ngoma, kwa kunyamaza kwake. Kwa hiyo hapa kinachorudiwa ni maneno tu, maana hairudiwi. Mhakiki anayesema "kusisitiza" amekiona kile kidogo kilichobaki kwenye karatasi.

Wataalamu wetu hawakukosa kutuonya. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika Mulika mwaka 1989, aliieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio lenye fanani, hadhira, fani, mahali na wakati wake. Penina Mlama, ambaye wengi tunamjua zaidi kwa jina la Penina Muhando na kwa tamthiliya kama Hatia na Nguzo Mama, ni mzaliwa wa Berega, katika nchi ya Wakaguru huko Kilosa. Tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha elimu. Kwa maneno mengine, wilaya hii hii ilikwisha kutumika kuonyesha kwamba wimbo, uchezaji na mafunzo ni kitu kimoja. Sisi tunafanyaje? Ukurasa wa kwanza tunawanukuu wataalamu hawa kwa heshima zote, ukurasa wa tatu tunachambua maneno matupu.

Atatokea mtu aseme: mbona ngoma ina utanzu wake, ngomezi? Ni kweli, Mulokozi aliuorodhesha, na alifanya vizuri. Tatizo ni jinsi tunavyoufundisha. Mfano unaotolewa kila mara ni wa mbali: Walokele wa Kongo, ambao ngoma zao za gogo huiga kupanda na kushuka kwa toni za lugha yao. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, basi tunahitimisha kwamba kwetu ngoma haisemi. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Ngoma inaweza kusema bila kuiga lugha, mradi jamii imekubaliana juu ya maana ya mlio wake. Mfano tunao nyumbani. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyekuwa akipiga ngoma nyingi peke yake, zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania kwa miaka na miaka. Hazikuwa na neno hata moja. Lakini Kilosa, Mikumi na kwingineko zilipolia watu walijua saa, walinyamazisha watoto, walisogea karibu na redio. Kama hiyo si ngomezi, basi ngomezi ni nini?

Hoja nyingine tunayoisikia vibarazani ni kwamba sisi ni watu wa fasihi, si wa muziki. Hatujui kuandika mapigo. Hoja hii haina nguvu. Anayehakiki tamthiliya huzungumzia jukwaa na maleba bila kuwa fundi seremala wala fundi cherehani. Hatudaiwi noti za muziki. Tunadaiwa kusikiliza, kisha kusema kwa Kiswahili cha kawaida: hapa ngoma iliingia, hapa iliongeza kasi, hapa ilikatwa, na waimbaji walifanya nini.

Jambo la kushangaza ni kwamba ulimwenguni kosa hili linafanyika kwa upande wa pili. Djembe ya Wamandinka wa Guinea na Mali ilipelekwa majukwaa ya nje tangu miaka ya 1950 na kikundi cha Les Ballets Africains cha Keïta Fodéba. Leo Ulaya na Marekani watu hulipia masomo ya kuipiga kwa mikono, na wengi wao hawajui nyimbo zilizozaliwa nayo. Wao wamechukua ngoma wakaacha maneno. Sisi tumechukua maneno tukaacha ngoma. Na Mikumi, penye hifadhi ya taifa tangu 1964, makosa haya mawili yanakutana. Kikundi kikiitwa kuwachezea wageni kwa robo saa, mgeni anasikia mdundo asioelewa maneno yake. Kesho yake anakuja mwanafunzi, anaandika maneno asiyoyawekea mdundo. Wenye ngoma wanabaki katikati.

Wala si ngoma za asili tu. Bongo fleva nayo imeingia katika semina zetu, na Professor Jay, yaani Joseph Haule, aliyekuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, anapendwa sana na wahakiki. "Ndiyo Mzee" inachambuliwa kama kejeli dhidi ya wanasiasa wenye ahadi tele, na ni sawa. Lakini kejeli ile inasimama juu ya kiongozi anayetoa ahadi na umati unaoitikia, muundo ule ule wa uwanja wa ngoma. Ondoa kiitikio na mdundo, kinachobaki ni hotuba.

Kuna jambo zito zaidi ya maksi za mtihani. Katika mikusanyo yetu tunaandika jina la mwimbaji, umri wake na kijiji chake. Mpigaji ngoma haandikwi. Wapigaji wengi wa Kilosa ni wazee. Wakiondoka, tutabaki na mafaili ya maneno na hakuna atakayejua yaligeukaje kuwa onyo. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Mpigaji ahesabiwe kuwa fanani na aandikwe. Wimbo wa ngoma ukusanywe uwanjani, si sebuleni kwa kumwomba bibi "atuimbie kidogo." Na walimu wetu, kwa heshima, waanze kuuliza katika mitihani: ngoma ilifanya nini?

Wahenga walisema ngoma ya kitoto haikeshi. Uhakiki usiosikia ngoma nao hautakesha. Anayeona tumetia chumvi aijibu hoja hii, lakini kabla ya kushika kalamu apande basi kwanza, aende Kilosa akasikilize.