Hadisi ya Mwindo: Kitabu Kizuri, Njia Isiyomalizika

Mwaka 1956 mtu mmoja wa kabila la Wanyanga, jina lake She-Karisi Rureke, alisimulia hadisi ya Mwindo katika kijiji cha Bese, upande wa Walikale. Siku zile Walikale ilikuwa ndani ya provinsi ya Kivu, na Bukavu ulikuwa mji wake mkubwa. Kwa siku 12 Rureke aliimba, alicheza, alisema. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na wasaidizi wake wakaandika. Mwaka 1969 hadisi ile ilichapwa huko Marekani. Biebuyck aliitengeneza pamoja na Kahombo Mateene, aliye Mnyanga mwenyewe.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni heshima. Msimulizi anatajwa kwa jina, na maneno yake yamewekwa kwa Kinyanga, si kwa Kingereza peke yake. Wakusanyaji wengi wameandika tu: «wazee wanasema». Wazee gani? Wa kijiji gani? Neno lisilo na mwenyewe ni kama mtoto wa njiani.

Na hadisi yenyewe? Shemwindo, mtemi wa Tubondo, alikataza wake zake wasizae mtoto mwanaume. Mwindo akazaliwa. Baba akajaribu kumwua, akamfunga ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mwindo akapona, akamfuata baba yake mpaka kuzimu, akamrudisha. Baba akaungama kosa lake mbele ya watu. Mhubiri ataona hapa mafundisho juu ya kusameheana, na atapenda kuishia hapo.

Asiishie hapo! Nyuma ya ushindi ule Mwindo alimwua joka Kirimu, rafiki ya Nkuba, mwenye radi. Nkuba akamchukua juu mbinguni, na kwa muda wa mwaka mzima Mwindo akateswa na baridi, mvua na jua, mpaka majivuno yake yakaisha. Aliporudi, aliwapa watu wake sheria za kukaa vema. Ukikata sehemu hii, unabaki na shujaa mwenye nguvu tu. Ukiiacha, unaona ya kwamba nguvu bila unyenyekevu haiwezi kutawala watu. Anayekata hadisi kusudi ifae mahubiri, anaharibu yote mawili.

Lakini kitabu kina upungufu. Maelezo yake yote ni ya Kingereza. Mwalimu wa kijiji hawezi kuyatumia. Tena msomaji anaweza kufikiri ya kwamba maneno ya Rureke ndiyo hadisi yote ya Wanyanga. Sivyo: mwaka 1978 Biebuyck mwenyewe alichapa hadisi nyingine za Mwindo, zilizotoka kwa wasimulizi wengine. Karatasi inashika usiku mmoja. Kinywa kina usiku nyingi.

Hapa Bukavu tunao mfano wa karibu zaidi: Kagaragu Ntabaza alikusanya mezali za Washi, na kitabu chake kilichapwa papa hapa, karibu na wenye lugha.

Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika Ad Gentes (1965), ulifundisha ya kwamba Makanisa machanga yapokee hekima na desturi za mataifa yao. Hakuna anayepokea kitu asichokijua. Basi, ndugu waseminari, nanyi makatekista: wakati wa likizo chukueni daftari. Andikeni jina la msimulizi, kijiji, siku, na maneno kwa lugha yake. Mafasirio yatafuata. Mzee hatangoja.