Ferrari ya Scerri: ni kopi tu?

Bandugu, kuna watu wakiona ile Ferrari 312 PB ndogo ya Pierre Scerri, wanasema: "Ni nzuri, lakini ni kopi tu." Mimi ninakataa.

Scerri, Mfaransa wa Avignon, aliitengeneza nyumbani kwake, piesi kwa piesi, kwa miaka kama 15. Kila kipimo ni theluthi moja ya ile gari ya mashindano iliyochukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mu 1972. Na moteri yake ya silinda 12 inawaka kabisa.

Sasa tupige hesabu. Ukigawanya urefu na 3, eneo linagawanyika na 9, ujazo na 27. Lita 3 za moteri zinabakia karibu cc 111, ni kusema cc 9 hivi kwa kila silinda. Moto umepunguka sana, lakini chuma kinachoupoza hakikupunguka vile: silinda inapoa mbio. Petroli nayo haijui kama gari imekuwa ndogo. Kwa hiyo mtu anayekopia paka vipimo, atapata sanamu. Ili iwake, lazima afikiri upya.

Lawama moja ninaikubali: miaka 15 kwa gari isiyobeba mtu ni mingi. Lakini sisi, TFC zetu wengi tuliziunga mu miezi mbili, tukazifungia kabatini, na hazijawaka hata siku moja. Sasa nani alikopia?