Kongowea Ziwani Mweru: Jina la Mtoto Mhamiaji na Kosa Letu Walimu

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi tuliowahi kufundisha riwaya ya Siku Njema (1996) ya marehemu Ken Walibora tumewauliza wanafunzi wetu swali hili: jadili umuhimu wa jina la mhusika mkuu. Jibu tunalolitarajia linajulikana. Kongowea ni mtaa wa Mombasa, Mswahili ni mtu wa lugha yetu, na kwa hiyo Kongowea Mswahili ni ishara ya umoja wa Waswahili usiojali mpaka wa Tanzania na Kenya. Mwanafunzi akiandika hivyo anapewa alama zake, nasi tunaendelea na swali linalofuata.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa si la uongo, ni jepesi mno. Linachukulia kwamba jina la mtoto wa kuhamahama ni kama kibandiko: ukilisoma umeshamjua mwenyewe, kabila lake na utamaduni wake. Ili kulipima jibu hilo, nitaitoa riwaya pwani na kuipeleka mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, katika sehemu za Puta na Nchelenge, ambako watoto wa familia zilizovuka kutoka Kongo huanza shule wakiwa na majina ambayo hayasomeki kwa urahisi namna hiyo. Sababu ya kwenda huko ni kosa nililolifanya mwenyewe darasani.

Chanda si kidole

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Chanda. Alitoka Puta, na wazazi wake walikuwa wamevuka kutoka upande wa Kongo kabla hajazaliwa. Siku ya kwanza nilipoita majina nilisimama kwenye lake, nikaliambia darasa kwamba hapa tuna bahati, maana chanda chema huvikwa pete. Nikaeleza kuwa chanda ni kidole. Darasa likacheka, naye akacheka kidogo kwa heshima.

Baada ya kipindi alinifuata. "Shikamoo Mwalimu. Samahani, Mwalimu, kwetu Chanda si kidole. Ni jina la bibi yangu mzaa mama. Na mama yangu sokoni anaitwa BanaChanda."

Nilimwomba radhi, lakini maneno yake ya mwisho sikuyaelewa uzito wake mpaka baadaye. Katika Kibemba na lugha jirani zake, mzazi huitwa kwa jina la mtoto: BanaChanda ni Mama Chanda, BashiChanda ni Baba Chanda. Nasi Waswahili tunafanya hivyohivyo. Mama Asha anaweza kuishi mtaani miaka thelathini bila majirani kulijua jina alilopewa na wazazi wake. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Jina la mtoto si mali ya mtoto peke yake. Nyuma yake yumo bibi aliyelirithisha, na mbele yake yumo mama anayeitwa kwalo. Anayelichezea jina la mtoto anawagusa watu watatu.

Kongowea na swali la baba

Turudi kwenye riwaya. Kongowea analelewa Tanga na mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Baba yake, Amiri Mombo, hamjui. Safari ya kumtafuta baba huyo hadi magharibi ya Kenya ndiyo uti wa mgongo wa hadithi.

Jambo ambalo wahakiki hatujalitilia mkazo wa kutosha ni kwamba jina la pili la Kongowea si la baba yake. Haitwi Kongowea Mombo. Mwandishi amempa kijana huyu jina lisilomhitaji baba kabisa, kisha akamtuma avuke mpaka kumtafuta baba. Kwa maoni yangu, humo ndimo mna mvutano mzito kuliko ule umoja wa Waswahili tunaoukariri. Jina linasema, "Mimi ni wa mji na lugha." Hadithi inajibu, "Hapana, mtu ni wa baba." Walibora, kwa kipaji chake, ameziacha sauti zote mbili zisikike. Sisi walimu tumeisikia moja tu.

Je, kwa nini tunaliona swali la baba kuwa la kawaida kiasi hicho? Nadhani ni kwa sababu fomu zetu zote zinaliuliza: jina, jina la baba, jina la ukoo. Tumezoea kudhani kwamba jina hushuka kutoka kwa baba kama maji yanavyoteremka mlimani.

Hali ilivyo mwambao wa Mweru

Ziwani Mweru maji hayo hayateremki hivyo. Wabwile, Washila na Watabwa, kama walivyo Wabemba, kwa asili huhesabu ukoo kupitia kwa mama. Wabwile wapo pande zote mbili za mpaka uliochorwa na mkataba wa Uingereza na Mfalme Leopold wa mwaka 1894, na Puta lenyewe ni jina la utemi wao. Mtoto wa kule hupewa jina la ndugu, mara nyingi aliyekwisha kufariki, ambaye mzimu wake unaaminiwa kumlinda. Wabemba huliita jina hilo la kuzaliwa ishina lya mutoto. Wanafunzi wetu wajihadhari hapa: mutoto huyo si mtoto wetu wa Kiswahili, bali ni kitovu. Ni jina la kitovuni.

Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, katika kitabu chake kuhusu watu wa Luapula kilichotolewa mwaka 1959, alieleza jinsi mrithi anavyolitwaa jina la marehemu pamoja na nafasi yake katika ukoo. Mrithi huyo husimulia mambo yaliyotendwa vizazi kadhaa nyuma kwa nafsi ya kwanza: mimi nilifika, mimi nilijenga. Kwa mtazamo huo jina ni kama kiti. Watu hukaa na kuondoka, nacho hubaki. Aidha, majina mengi, kama Chanda, Bwalya na Mutale, huitwa wanaume na wanawake bila tofauti.

Mwambao huu umepokea wageni wengi. Mwaka 2000 ilifunguliwa kambi ya Kala, wilayani Kawambwa, kwa ajili ya wakimbizi wa vita vya Kongo, ikafungwa mwaka 2010. Kuanzia Agosti 2017 walivuka wengine kukimbia mapigano katika mikoa ya Katanga ya Juu na Tanganyika. Walipokewa Kenani, na Januari 2018 yakaanzishwa makazi ya Mantapala, yote mawili wilayani Nchelenge. Miongoni mwao wamo Waluba, ambao hurithi upande wa baba, na Watabwa, ambao hurithi upande wa mama. Wengi wao huwasiliana kwa Kiswahili cha Kongo, na watoto wao hukuta Kibemba ndicho lugha ya kufundishia madarasa ya mwanzo. Mtoto mmoja ana njia tatu za kupewa jina na fomu moja ya kulijaza.

Majina yanavyodanganya macho

Wapo watakaosema kwamba dawa ni rahisi: wazazi washikilie majina ya asili, waache ya kigeni. Hoja hiyo imekwishajaribiwa na dola nzima. Mwaka 1972 Rais Mobutu, aliyekuwa Joseph-Désiré, alijiita Mobutu Sese Seko na kuwaamuru raia wa Zaire waache majina ya Kikristo, kila mmoja achukue ya Kiafrika. Tangu hapo likaenea jina la nyongeza linaloandikwa baada ya jina la kwanza. Mwaka 1990 utawala wa chama kimoja ulipofikia ukomo, majina ya ubatizo yakarudi hadharani.

Angalia matokeo yake katika familia moja. Baba aliyeandikishwa Pweto mwaka 1975 hana jina la Kizungu katika cheti chake. Binti yake aliyezaliwa baada ya 1990 anaitwa Esther. Ukisoma majina tu utasema kwamba baba alishika utamaduni na binti ameupoteza. Kumbe jina la baba lilitokana na amri ya rais, na la binti huenda lilitokana na shangazi aliyempenda mama yake. Ni lipi hapo lenye mizizi? Huwezi kujua mpaka uulize nani alimpa, na kwa nini.

Wasanifu kombo

Ninafika sasa kwenye kosa letu wenyewe. Katika riwaya, Kongowea hubandikwa na wengine lakabu ya Msanifu Kombo. Nadhani lakabu hiyo ingetufaa sisi walimu wa lugha, ingawa kwa maana nyingine. Tunapenda kusanifisha, na mara nyingine tunanyoosha kisichopinda.

Tahajia ya Kongo ina athari za Kifaransa. Sauti tunayoiandika ch wao mara nyingi huiandika tsh, kama katika Tshombe, na penye mwa huandika mua. Mchezaji mpira Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Uingereza, huandikwa hivyo, wakati Zambia wangeandika Mwamba. Mwalimu anapomwona Muamba katika daftari la mahudhurio, mkono unamwasha. Anaandika Mwamba, tena kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ndivyo sarufi inavyotaka.

Lakini jina si nomino ya kufanyia zoezi. Desemba 2021 ulianza mpango wa kuwarudisha kwa hiari wakimbizi kutoka Mantapala hadi Pweto. Mtoto anayerudi na karatasi ya shule iliyoandikwa Mwamba, huku cheti cha kuzaliwa kikisema Muamba, anaweza kutakiwa athibitishe kwamba yeye ni yeye. Herufi moja iliyosahihishwa na mwalimu inaweza kumgharimu darasa zima. Na akibaki Zambia, kikwazo hichohicho humngoja siku ya mtihani.

Hitimisho

Sidai kwamba Siku Njema ilipaswa kuandikwa upya kwa ajili ya Wabwile. Ninachodai ni kwamba tuifundishe kwa ukamilifu wake. Tuwaulize wanafunzi si tu "jina Kongowea Mswahili lina maana gani?" bali pia "kwa nini halina baba ndani yake, na kuna jamii zipi ambazo zisingeona ajabu?" Mwanafunzi wa Puta atakuwa na la kujibu kabla ya wenzake wa pwani.

Kuhusu daftari la mahudhurio, nina mapendekezo mawili. Kwanza, jina linakiliwe kama lilivyo katika karatasi ya mwanafunzi, herufi kwa herufi, hata likitukera. Pili, badala ya kumweleza mwanafunzi maana ya jina lake kwa lugha yetu, tumwulize alilitoa kwa nani. Mimi nilitafsiri kabla ya kuuliza, na kwa kicheko kimoja nikamfanya bibi wa watu kuwa kidole.