Ufundi wa Wati 75

Miongoni mwa kazi za mikono zilizozaliwa na zama za kompyuta, uteuzi wa vipuri vya kompyuta ya michezo kwa fedha haba unastahili heshima kuliko unavyopewa, kwa sababu mwenye fedha nyingi anaweza kuuficha ujinga wake kwa kununua kilicho ghali zaidi dukani, ilhali mwenye mfuko mwepesi hulazimika kujua kila kipuri kinakula umeme kiasi gani, kinapitisha data kwa kasi gani, na kitamkwamisha mwenzake wapi. Katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi, kazi hii mara nyingi huanzia kwenye mtumba wa ofisini, yaani kompyuta za mezani ambazo taasisi za ng'ambo zimezichoka. Si lazima ziwe mbovu. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine nzima kabisa huonekana zimepitwa na wakati. Na anayezinunua, ni vyema aelewe, hurithi na tatizo hilo pia.

Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, ile yenye kasha la mnara. Ndani yake mara nyingi hukutwa prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu na kutoa amri kwa vipuri vingine, ya aina ya Core i5 ya kizazi cha 4 yenye viini vinne, nayo bado inazimudu gemu nyingi za mashindano, ambazo hutungwa makusudi ziweze kuchezwa hata kwenye mashine duni. Mnunuzi mgeni huifurahia prosesa akaishia hapo. Fundi hufungua ubavu wa kasha na kusoma kwanza kibandiko cha pawasaplai, yaani kisanduku kinachougeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo zinazotumiwa na vipuri, na hapo hukuta wati 290, plagi kuu yenye pini 8 badala ya pini 24 zilizozoeleka, na hakuna waya uliotengwa kwa ajili ya kadi ya michoro. Maana yake ni kwamba pawasaplai ya kawaida ya dukani haitaingia bila kiunganishi maalumu, na kwamba kadi itakayowekwa italazimika kutosheka na umeme wa sloti yake, lile tundu refu la kwenye ubao mama, ambao kwa kanuni za sloti hiyo hauzidi wati 75.

Kikomo hicho huipukutisha orodha ya kadi mpaka zikabaki chache, na katika hizo chache ndimo ujuzi unamopimwa. Kadi ya michoro ndiyo inayochora kila nukta ya picha. Kwenye skrini ya nukta 1920 kwa 1080 hizo ni nukta 2,073,600, na mchezo unaokwenda kwa picha 60 kwa sekunde huipa kadi takriban milisekunde 16.7 tu kukamilisha kila picha. GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016 ikiwa na gigabaiti 4 za kumbukumbu, ilipangiwa wati 75 kamili, ingawa baadhi ya watengenezaji waliiongezea tundu la waya wa pini 6, na kwa sababu hiyo ukingo wa kadi hutazamwa kabla ya jina lake. Mchezaji atapunguza vivuli na mng'ao wa maji, na kusema kweli hatapoteza kitu cha maana.

Mtu anaweza kudhani kwamba kadi mpya zaidi ingekuwa jibu rahisi. RX 6400 ya mwaka 2022 inakula wati 53 tu, lakini huwasiliana na prosesa kwa njia 4 za data badala ya 16, upungufu ambao kwenye mashine mpya haudhuru sana kwa kuwa kila njia ina kasi kubwa, ila kwenye sloti ya zamani ya kizazi cha 3, kama ile ya OptiPlex, kasi ya kila njia hushuka kwa nusu na kadi huanza kukwama katika gemu nzito. Karatasi ya sifa zake, ikisomwa peke yake, haitaji mashine itakayoipokea.

Wengine huacha kadi kabisa na kuchagua prosesa yenye michoro ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Hapo michoro hukopa kumbukumbu ya mashine nzima, na kwa hiyo vijiti viwili vya gigabaiti 8 hushinda kimoja cha gigabaiti 16: kwa kasi ya DDR4-3200, kijiti kimoja hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, viwili 51.2. Kuhusu hifadhi maneno hayahitaji kuwa mengi. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, hainunuliwi kwa kusitasita.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kaunta ya dukani. Ziko kadi bandia zenye chipu kuukuu kama ya GTX 550 Ti, yenye vikokotoo 192, ambazo programu zake za ndani zimechezewa ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti, yenye vikokotoo 768. Dalili moja huonekana kwa macho, nayo ni tundu la buluu la VGA la kuunganishia skrini, kwani chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi tena mawimbi ya aina hiyo zenyewe. Fundi akiliona huongeza shaka, huiomba mashine ya kujaribia, hufungua programu ya GPU-Z ambayo huzitambua nyingi za kadi hizo, huacha mchezo mzito uendeshe kadi mpaka feni zipige kelele, na baada ya hapo ndipo bei huanza kujadiliwa.