Rejeta Ndogo Nyuma ya Dashibodi

Karibu kila gari ambalo injini yake hupozwa kwa maji huwa na rejeta mbili, ingawa wenye magari wengi wanaijua moja tu. Ile kubwa hukaa mbele ya injini, hupigwa na upepo wa barabarani na huonekana mara tu boneti inapofunguliwa. Ile ndogo, ambayo hubebeka kwa kiganja kimoja, imefichwa ndani ya sanduku la plastiki nyuma ya dashibodi. Kazi yake ni kuchukua sehemu ya maji ya moto yanayotoka kwenye injini, kuyapitisha katika vijibomba vyembamba vilivyozungukwa na mapezi ya shaba au aluminiamu, na kuiachia feni ipulize joto hilo miguuni mwa abiria na juu ya kioo cha mbele. Hiyo ndiyo rejeta ya hita. Kuibadilisha ni kazi ambayo mafundi wengi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, huikwepa, na sababu zao si za kipuuzi. Lakini inapofanywa nyumbani na mtu mwenye subira, ni miongoni mwa kazi za mikono zinazostahili sifa zaidi ya zinazopewa.

Msomaji anaweza kuuliza mji ulio karibu na ikweta unataka nini na hita. Jibu liko katika kimo: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti mawingu huufunika mji kutwa, usiku joto likashuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Hata hivyo, baridi ya miguu ndiyo sehemu ndogo ya shida. Gari lenye abiria watano, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya mvua, hujaa unyevu wa pumzi, na unyevu huo ukikutana na kioo baridi hugeuka ukungu unaomzuia dereva kuona. Mtambo wa kupoza hewa huikausha hewa hiyo, rejeta ya hita huipasha joto, na hewa iliyo kavu na yenye joto ndiyo inayokisafisha kioo kwa muda mfupi. Anayeelekea Naivasha kupitia Limuru na Kinungi alfajiri ya Julai, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukipangusa kioo kwa kitambaa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Magari mengi ya mitaa hii yametumika Japani kwanza, na kwa kuwa kanuni za Kenya hazikubali gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, aghalabu huteremshwa Mombasa hita yake ikiwa nzima. Kinachoiharibu baadaye ni maji. Kulanti, yaani mchanganyiko wa maji safi, glikoli na dawa za kuzuia kutu, hununuliwa dukani, ilhali maji ya mtungi yako karibu siku zote. Na maji ya visima vilivyochimbwa mitaani, yenye madini mengi, huacha utando ndani ya vijibomba na kuila aluminiamu polepole mpaka itoboke. Dalili za kuvuja hazifichiki kwa mwenye kuzijua: harufu tamu ndani ya gari, utando wa mafutamafuta kwenye kioo usiotoka kwa kitambaa kikavu, na zulia la upande wa abiria linalolowa bila mvua kunyesha.

Hapo ndipo fundi wa kando ya barabara, awe wa mtaa wa Umoja au wa Kayole, hutoa dawa yake ya haraka. Kutoka kwenye injini, mipira miwili huingia katika ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha abiria, mmoja ukipeleka maji kwenye hita na mwingine ukiyarudisha; fundi huichomoa yote miwili, huiunganisha kwa kipande cha bomba, hukaza klipu, na maji hayafiki tena kwenye hita. Gari haliivujishi tena kulanti wala haliipashi injini moto kupita kiasi, na mwenye teksi au matatu anayelitegemea gari kwa mkate wa kila siku huwa amerudi barabarani kabla ya saa sita. Ni vigumu kumlaumu fundi huyo. Ubaya ni kwamba hatua iliyokusudiwa kuwa ya muda hugeuka ya kudumu, gari likauzwa hivyo hivyo, na mnunuzi akaja kugundua mwezi wa Julai kwamba kitufe cha hita ni pambo.

Ufundi wenyewe huanza kabla spana haijashikwa, na huanza kwa vidole. Injini ikishapata moto na hita ikiwashwa hadi mwisho, mipira ile miwili hupapaswa pale inapoingia ukutani, kwa hadhari kwa sababu inaweza kuunguza. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, maji hayapiti, kwa hiyo rejeta imeziba au vali yake imefungwa. Yote miwili ikiwa moto na hewa bado ni baridi, rejeta ni nzima na kosa liko kwenye kilango cha ndani kinachochanganya hewa baridi na ya moto. Yote miwili ikiwa vuguvugu, huenda thamostati haipo. Thamostati ni vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto wa kutosha, na kuna mazoea ya siku nyingi ya kuing'oa kwa imani kwamba bila hiyo injini haitachemka. Gari la namna hiyo hukimbia likiwa baridi, hunywa petroli zaidi, na mwenyewe huilaumu hita isiyo na hatia. Mtu anayeweza kutofautisha hali hizi tatu kwa kugusa tu ameokoa dashibodi nzima isifunguliwe bure, na huo ndio ustadi wa kwanza wa kusifiwa.

Ikithibitika kwamba rejeta ndiyo mbovu, pa kufanyia kazi si tatizo. Mtaa wa Buruburu, uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, una nyumba zilizopangwa kuzunguka viwanja vya pamoja vyenye lango moja, na kiwanja cha aina hiyo Jumamosi asubuhi ni karakana tosha: kuna kivuli cha ukuta, majirani wa kushika taa, na watoto wa kutumwa dukani. Betri hutenganishwa kwanza, kisha mtu husubiri angalau sekunde 90 ambazo vitabu vya Toyota vinaagiza, ili umeme uliobaki katika mifuko ya hewa ya usalama upungue, maana mfuko uliomo ndani ya usukani hufyatuka kwa nguvu za kumjeruhi anayeuinamia. Plagi zake zina rangi ya manjano, na rangi hiyo ni onyo. Baada ya hapo kazi ni ya kuondoa tabaka baada ya tabaka: vifuniko vya plastiki, redio, kikasha cha mbele ya abiria, usukani, kisha dashibodi yenyewe na mwamba wa chuma unaoishikilia. Karibu vyote hivi katika gari la Kijapani hufunguliwa kwa spana namba 10, namba 12 na bisibisi ya nyota. Ugumu wake haumo katika nguvu bali katika kumbukumbu.

Skrubu moja ni ndefu kuliko nyenzake kwa milimita chache, na ikirudishwa mahali pasipo pake hutoboa waya uliopita nyuma. Kwa sababu hiyo fundi mzuri hutwaa ubao wa katoni, akachora dashibodi kwa kalamu, na kila skrubu anayoitoa akaichomeka kwenye mchoro mahali ilipotoka; wengine hutumia trei ya mayai, kila shimo na hatua yake. Simu yenye kamera imeurahisisha mpango huu lakini haijauondoa, kwa kuwa picha huonyesha kitu kilipokuwa bila kuonyesha kilitangulia nini kutoka. Mipira iliyogandamana na bomba la hita haivutwi, kwani bomba ni laini na hupinda. Hukatwa kwa wembe kwa urefu wake na kubanduliwa, hasara ya mpira ikiwa ndogo kuliko hasara ya bomba.

Rejeta ikishatoka, njia huwa mbili. Ya zamani ya shaba hupelekwa Kariobangi, kwenye eneo la viwanda vidogo, ambako mafundi wa rejeta huitumbukiza katika tangi la maji, huisukumia hewa, na kufuata viputo hadi kwenye tundu, kisha hulisafisha kwa asidi na kulilehemu. Ya aluminiamu haikubali lehemu hiyo ya bati na risasi, kwa kuwa juu yake hutanda mara moja utando wa oksidi usioshikana nayo; hivyo ni bora kununua nyingine, na maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, ndiyo soko lake. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, iliwahimiza wakuu waitambue kazi ya wajasiriamali wadogo wa aina hii badala ya kuwabughudhi, na serikali ikaja kuwaandikia waraka wake wa sera mwaka 1992. Mafundi hawakuwa wakiungojea waraka ili kujua shaba inalehemiwaje.

Kurudisha ndiko kunakompima mtu. Rejeta mpya huvikwa ukanda wa sponji pembeni, na anayeudharau ukanda huo kwa kuwa ni laini na hauna bei atashangaa hita ikitoa joto nusu, kwani hewa imepita kando ya rejeta badala ya kupita ndani yake. Kulanti hujazwa polepole, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho na pua ya gari ikiwa imeinuliwa, ili hewa iliyonaswa ipande na kutoka. Kimo cha Nairobi kinadai jambo moja zaidi: maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya gari ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilichoandikwa 1.1 hakibadilishwi kwa cha 0.9 kwa sababu tu kinaenea, wala hakifunguliwi injini ikiwa moto. Siku chache baadaye klipu hukazwa tena, na kazi ikiwa imefanywa sawasawa hakuna ushahidi wake wowote: dashibodi hailii kwenye barabara mbaya wala hakuna skrubu iliyobaki kwenye katoni.

Kulanti chakavu isimwagwe mtaroni, kwa sababu glikoli ni sumu yenye utamu unaowavutia mbwa na watoto, na mitaro ya Eastlands huishia katika Mto Nairobi au Mto Ngong. Iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko. Naye anayenunua gari lililotumika katika mitaa hii asitosheke na rangi na magurudumu: afungue boneti, atazame ukuta ulio nyuma ya injini, na akikuta mipira ile miwili imeunganishwa, bei izungumzwe upya.