Ukingo wa Fenda ya Nyuma: Namna ya Kupima Kazi ya Gari Lililoshushwa

Gari lililoshushwa na kuvalishwa rimu pana husugua mahali patatu: ndani kwenye strati, nje kwenye ukingo wa fenda, au kwenye plastiki ya fenda usukani ukikatwa hadi mwisho. Kila mahali pana dawa yake. Kazi zinazosifiwa siku hizi Mombasa, kuanzia Magongo hadi Kongowea, zina dawa moja kwa yote, nayo ni nyundo. Kisha gari hupigwa picha likiwa tupu, limesimama juu ya zege iliyonyooka, na sifa humiminika. Hakuna gari linalosugua likiwa limesimama.

Fundi hashiki spana kabla ya kujua tairi inagusa wapi. Kisauni wako waliofundishwa kupaka chaki kwenye ukingo wa fenda, kupakia watu garini na kulipitisha polepole kwenye matuta. Chaki ikifutika upande mmoja tu, kosa ni la springi iliyolala au bushi iliyokufa, na fenda haihusiki. Anayeanza kukunja bati bila kusoma alama hiyo anabahatisha kwa mali ya mtu.

Springi hununuliwa fupi, haikatwi. Koili zikipungua, zinazobaki huwa ngumu zaidi, na gari likiinuliwa springi hulegea kwenye kiti chake. Kuichoma kwa gesi ni kubaya zaidi, maana chuma hupoteza nguvu na kuendelea kulala. Gurudumu liinuliwe kwa jeki, springi izungushwe kwa mkono: ikizunguka, kazi imeanguka. Urefu ulio sahihi ni vidole viwili kati ya tairi na fenda. Kidole kimoja ni majigambo. Subaru Impreza ilipata mapenzi ya Wakenya kwenye Safari Rally, ambako Colin McRae alishinda 1997 na Richard Burns 2000, katika magari yaliyoinuliwa yapite kwenye mawe. Anayelishusha gari la ukoo huo ashushe kwa adabu.

Rimu ya inchi 8 badala ya 7, ofseti ikibaki ileile, husogea milimita 12.7 ndani na 12.7 nje. Ofseti ikishuka kutoka 50 hadi 35, gurudumu zima hutoka nje milimita 15. Rimu ya mtumba ambayo muuzaji anaapa kuwa inaingia, mara nyingi huingia kwenye studi tu. Tundu lake la katikati nalo likamate habu, ambayo kwa Subaru ni milimita 56.1; rimu yenye tundu pana kuliko hapo, bila ringi ya kuziba nafasi, hutetemeka kwenye mwendo. Tairi ya 225/45R17 ina kipenyo cha karibu milimita 634, na ya 215/45R17 karibu 625, tena ni nyembamba zaidi. Misuguo mingi inayotibiwa kwa nyundo ingeishia hapo. Tairi iliyovutwa juu ya rimu iliyoizidi upana haihesabiwi kuwa suluhisho.

Asiyejua hutazama mbele, kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona. Lakini fenda ya mbele ni bati lililofungwa kwa bolti. Ikiharibika, hununuliwa nyingine. Ya nyuma imeungana na bodi. Ukingo wake ni bati zilizolaliana na kuchomelewa kwa nukta, na maungio yake yalizibwa kiwandani maji yasipenye. Kuukunja bila kuyafungua maungio hayo ndiyo kazi yenyewe.

Mjuzi hupasha rangi kwa hewa ya moto hadi ilainike, kisha huukandamiza ukingo kwa rola kidogo kidogo, akisimama kila mara kupasha upya. Akimaliza husafisha, hupaka praima ya kuzuia kutu, huziba maungio tena, na kupaka rangi mahali ambapo mwenye gari hatapaona maishani. Mlaghai hukata ukingo kwa grainda, hufunika kwa fila na kupuliza rangi nje. Siku ya kukabidhi, kwa macho, kazi hizo mbili ni sawa. Kidole ndicho kinachozitenga. Kikipitishwa ndani ya ukingo, kutoka mwanzo wa tao hadi mwisho, kiteleze kama kwenye mdomo wa kikombe cha kahawa. Kikikwaruzwa, bati limekatwa. Kikirudi na unga, ni fila. Kikikuta ufa, maji yameshapata mlango, na Likoni maji hayo huja na chumvi: ukingo uliofunguka hufura rangi kabla ya kusi kupita.

Changamwe alikuwako aliyevuma kwa magari yasiyosugua kamwe, mpaka springi zilipofunguliwa zikakutwa na mipira iliyobanwa katikati ya koili. Magari hayakusugua kwa kuwa hayakuweza kubonyea, na shokabsoba zikafa moja baada ya nyingine.

Alaimenti hufanywa baada ya urefu kukamilika. Kemba hasi ya nyuzi mbili inatosha kuvuta bega la tairi ndani ya fenda. Ikizidi, tairi huliwa upande wa ndani hadi nyaya zitokeze.

Mafundi wa enzi za Toyota DX na Peugeot 504 walilijaribu gari kwenye feri ya Likoni maji yakiwa yamepwa, wakati mteremko wa kuingilia ni mkali. Lilipakiwa watu, likapitishwa mshazari, ili gurudumu moja la nyuma libanwe peke yake. Jaribio hilo halijapata mrithi. Lami ya Dongo Kundu, inayopendwa sasa, hujaribu redio tu.

Springi mpya hulala kidogo wiki za mwanzo. Kwa hiyo gari hurudishwa, urefu na alaimenti vipimwe tena, na kidole kipite mara ya pili kwenye ukingo. Ukaguzi huo umo ndani ya bei ya kazi; fundi anayeutoza kando bado hajamaliza ile ya kwanza.